Usukani na Buti: Wepesi wa Gari na Shehena Yake Kisiwani Mombasa

Gari lilipofika pwani yetu lilikuta msamiati wa safari umekwisha kukomaa. Usukani lilikuwa neno la chombo cha baharini, likahamia nchi kavu pasi na taabu. Ngama, yaani tumbo la chombo linalopakiwa shehena, haikuhama. Mahali pake tukachukua buti kutoka Kiingereza. Huenda mgawanyiko huo ndio unaotusahaulisha jambo ambalo nahodha yeyote wa Bandari ya Kale analijua: usukani na ngama ni hesabu moja. Chombo kitupu hutiwa farumi, mawe au mchanga, ili kitulie. Na kilichopakiwa vibaya hakisikii usukani, hata ukishikwa na nani.

Makala haya yanaipeleka hesabu hiyo kwenye sedani ya mwendo kasi. Kisa chake ni cha rafiki yangu, mkaazi wa Mji wa Kale, mwenye Subaru Impreza ya milango minne. Alitaka gari lishike kona vyema zaidi. Fundi akampa orodha: springi fupi, stabilaiza nene, nondo ya kukaza mwili wa gari ndani ya buti, na betri ihamishiwe nyuma. Lakini rafiki huyo ana mamake, ambaye humpeleka kliniki kila wiki, na kiti cha magurudumu cha mama husafiri ndani ya buti hiyo hiyo.

Sifa za Impreza nchini Kenya zilichochewa sana na mashindano ya Safari Rally, ambayo Colin McRae aliyashinda kwa gari hilo mwaka 1997, na Richard Burns mwaka 2000. Vijana wengi huiga magari hayo. Wanachosahau ni kwamba buti ya gari la mashindano hubeba tairi la akiba na vifaa. Haikupata kuulizwa kama itatosha gunia la mchele la Marikiti.

Mfano ulio wazi zaidi ni Mitsubishi Lancer Evolution X, iliyotoka mwaka 2007. Injini yake imelala mbele, kwa hiyo pua ya gari ni nzito. Ili kupunguza uzito huo, waundaji waliipeleka betri na tangi la maji ya kuoshea kioo ndani ya buti, na viti vya nyuma havikunjiki kwa sababu ya uimarishaji wa mwili nyuma yake. Matokeo yake, buti ilibaki na chini ya lita 200, ilhali Lancer ya kawaida ina zaidi ya lita 300. Hata hivyo, gari hilo hilo lilipewa paa la alumini, likapungua uzito wa juu bila kumnyima mwenyewe hata nafasi ya mkoba. Hapo ndipo penye funzo kwa anayechagua: kuna wepesi unaolipiwa kwa buti, na kuna usiolipiwa.

Matairi mazuri hayachukui nafasi. Bushi mpya hazichukui nafasi, nazo aghalabu ndizo zinazohitajika kwanza, kwani gari la mtumba kutoka Japani huweza kuyumba kwa uchakavu tu. Stabilaiza, ile nondo inayounganisha magurudumu mawili ya ekseli moja ili gari lisilale katika kona, hukaa chini ya gari. Ila ya nyuma ikizidi ugumu, mkia huweza kuteleza barabara inapolowa wakati wa masika.

Springi fupi zinadanganya. Hazigusi buti, lakini zinaipunguzia kazi. Gari lililoshushwa lina nafasi ndogo ya springi kujikunja. Ukipakia mizigo nyuma ya ekseli, nyuma hukaa chini, pua hunyanyuka, na magurudumu ya mbele, ambayo ndiyo yanayoelekeza gari, hupoteza mshiko. Kisha kuna Likoni. Maji yanapokupwa, mteremko wa kuingilia feri huwa mkali, na bampa ya gari lililoshushwa hukwaruza pale mbele ya watu wote. Barabarani kuelekea Mariakani gari hilo huenda likasifiwa. Ndani ya vichochoro vya Mji wa Kale, vilivyojengwa kwa waendao kwa miguu, kona hukatwa polepole mno kwa sifa hiyo kuonekana.

Kuhusu betri, uzito wake wa kilo 15 hadi 20 ukihamishwa una faida, lakini lazima ifungwe imara, kebo yake ndefu iwe na fyuzi, na betri ya maji ya asidi ipewe njia ya kutolea gesi. Kwa gari la nyumbani, sioni faida hiyo ikilingana na gharama. Injini ya Impreza imelala chini tayari, silinda zake ubavu kwa ubavu.

Rafiki yangu aliipima nondo ya kukazia kabla ya kuinunua. Alikiweka kiti cha mamake butini, akanyoosha ufagio mahali nondo itakapopita. Kiti hakikuingia. Akanunua matairi manne na bushi, stabilaiza akaiahirisha, na kiti akakilaza chini kabisa, kikiegemea migongo ya viti vya nyuma, karibu na ekseli.