Ngazi ya dharau: kitabu cha Marekani na historia ya Likasi



Tarehe 11 Julai 1960, Moïse Tshombe alitangaza kwamba Katanga imejitenga na Kongo. Siku hiyohiyo, kule Marekani, kitabu cha mwandishi Harper Lee kilitolewa, kiitwacho To Kill a Mockingbird, yaani kumwua ndege mwimbaji asiyemdhuru mtu. Mambo hayo mawili hayakupangwa pamoja. Lakini kitabu kile kinaeleza ugonjwa ambao sisi wa Koni na Likasi tunaujua sana: dharau ya mtu kwa mtu, na jinsi inavyogeuka kuwa hukumu na kifo.

Hadithi yenyewe

Tuko katika mji mdogo wa Alabama, miaka ya 1930. Tom Robinson, mfanyakazi mweusi, anashtakiwa kwamba amemnajisi Mayella Ewell, msichana mzungu. Wakili Atticus Finch anaonyesha kwamba shtaka haliwezi kuwa kweli. Aliyempiga Mayella alitumia mkono wa kushoto, na mkono wa kushoto wa Tom umelemaa tangu utotoni. Hata hivyo Tom anahukumiwa, na baadaye anapigwa risasi akijaribu kutoroka gerezani.

Mji huo una ngazi. Juu wako Wazungu wenye elimu na jina la familia. Chini yao wako Wazungu wakulima maskini, kama Cunningham. Halafu akina Ewell, wanaokaa nyuma ya jalala la mji. Chini ya wote wamewekwa watu weusi, hata walio wachapa kazi na wenye heshima. Bob Ewell, baba wa Mayella, hana shamba, hana kazi, hana sifa njema. Kitu kimoja tu alicho nacho ni kuwa Mzungu, kwa hiyo anakishika kwa nguvu zote.

Mahakamani Tom anasema alimsaidia Mayella kazi zake kwa sababu alimhurumia. Neno hilo linawakasirisha watu. Kwao, aliye chini hana ruhusa ya kumhurumia aliye juu. Hapo tunaona kwamba ubaguzi wa rangi na dharau ya kitabaka ni ndugu wawili.

Ngazi ya kwetu

Sisi pia tulijengewa ngazi. Kampuni ya Union Minière ilianzishwa mwaka 1906. Mji wa Likasi, ambao Wabelgiji waliuita Jadotville, ulikua kwa ajili ya shaba. Hata umeme wa mto Lufira, wa Mwadingusha na wa Koni, ulijengwa kwa ajili ya migodi. Wazungu walikaa mtaa wao, weusi kambi zao. Kati ya weusi wenyewe kulikuwa na karani, kapita na mchimbaji. Kampuni ilileta wafanyakazi wengi kutoka Kasai, na baadhi yao wakapata shule na kazi za ofisi mapema. Basi watu wakaanza kuona kabila kama cheo.

Katika uchaguzi wa mwaka 1957 huko Lubumbashi, wakuu wa mitaa ya Waafrika waliochaguliwa hawakuwa wenyeji wa Katanga. Wenyeji wengi walijiona wamepitwa nyumbani kwao, na mwaka 1958 chama cha CONAKAT kikazaliwa. Malalamiko yao yalikuwa na sababu. Lakini aliyetengeneza ngazi hakuulizwa. Jirani ndiye aliyelaumiwa.

Mwaka 1992 moto uliwaka tena. Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, alichaguliwa waziri mkuu mwezi wa Agosti. Gavana Gabriel Kyungu wa Kumwanza na chama cha UFERI walikuwa wakihubiri kwamba Wakasai waondoke. Watu waliitwa bilulu, yaani wadudu. Huko Likasi maelfu walifukuzwa nyumbani, wakalala mashuleni na kwenye stesheni wakingoja treni. Wengi, hasa watoto, walikufa kwa magonjwa na njaa. Wengi wao walizaliwa hapahapa, Kasai hawakuijua. Ndoa za mchanganyiko zilivunjwa.

Je, nani alipata faida? Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwaka 1993 haikufika tani 60,000. Aliyechukua kiti cha jirani yake alikuta kampuni yenyewe inakufa.

Tufanye nini?

Katika kitabu kile, usiku mmoja kundi la wanaume linakuja gerezani kumwua Tom. Binti mdogo wa wakili anamtambua mmoja wao, Bwana Cunningham. Anamsalimu kwa jina na kumwuliza habari za mwanawe, ambaye anasoma naye. Mtu yule anaona haya, anawaambia wenzake waende nyumbani. Ndani ya kundi alikuwa adui. Alipoitwa kwa jina alirudi kuwa baba.

Salamu moja haikumwokoa Tom mbele ya mahakama. Sheria ya haki inahitajika pia. Lakini sisi tunaweza kuanza hapo. Kiongozi anayegawa msaada asome majina ya watu, si ya makabila, na mwenyeji maskini asisahauliwe. Akisikia watu wanaitwa wadudu, asingoje. Akemee siku hiyohiyo. Nasi tuliohama tujichunguze. Aliyedharauliwa kambini anaweza naye kumdharau Mtwa, au mjane asiye na ndugu. Ngazi huendelea kusimama kwa sababu kila mmoja hutafuta wa kumkanyaga.

Maswali ya kuzungumza pamoja

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayewekwa chini ya wote? Nani alimweka hapo?
2. Ni majina gani ya dharau tunayotumia nyumbani mbele ya watoto?
3. Mwaka 1992, nani alimsaidia jirani yake? Waombeni wazee wawasimulie vijana.