Kabla ya Kununua Amplifaya ya Gitaa la Besi

Katika miaka ya 1970 askari wa Tanzania walikuwa miongoni mwa wanamuziki wa dansi waliosifika. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, Jeshi la Wananchi lilikuwa na Mwenge Jazz, na Jeshi la Kujenga Taifa lilikuwa na Kimulimuli. Vyombo vya bendi kama hizo vilinunuliwa na mwajiri, na mpigaji hakuhitaji kuumiza kichwa kwa bei yake. Lakini askari anayepiga besi kanisani au harusini baada ya zamu hana budi kununua chombo kwa mshahara wake mwenyewe. Akikosea, hasara haimwangukii yeye peke yake, bali ada ya shule na chakula cha nyumbani navyo huguswa. Kwa hiyo inafaa mume na mke waelewane mapema juu ya kitu kinachonunuliwa na sababu ya kukinunua.

Swali linalowatatiza wengi dukani ni la kompresa, yaani kibana sauti kilichotiwa ndani ya amplifaya. Muuzaji hukisifu sana, na bei hupanda kwa ajili yake. Je, kinastahili fedha hizo?

NGUVU NA SPIKA KWANZA

Hapana budi kuanza na kazi yenyewe. Uzi mnene wa gitaa la besi lenye nyuzi nne hutetema kiasi cha mara 41 kwa sekunde, wakati uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema kiasi cha mara 82. Sauti nzito namna hiyo huhitaji kusukuma hewa nyingi, na sikio la binadamu huisikia kwa shida kuliko sauti nyembamba. Ndiyo maana mpiga solo aweza kutosheka na wati 30, na mwenzake wa besi mwenye wati hizo hizo asisikike.

Viwanda vililitambua jambo hilo zamani. Fender ya Marekani ilianza kuuza gitaa lake la besi la umeme mwaka 1951, na mwaka 1952 ikatoa amplifaya ya kulihudumia. Kufikia mwaka 1969 Ampeg, nayo ya Marekani, ilikuwa imetoa amplifaya ya vali yenye wati 300, ya kusukuma masanduku yenye spika nane nane.

Hata hivyo, mnunuzi asidanganywe na tarakimu za wati. Kutoka wati 100 hadi 200 ni nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huiona kuwa ndogo. Ili sauti isikike kama imeongezeka maradufu, huhitajika nguvu kiasi cha mara kumi. Mara nyingi kuongeza sanduku la pili la spika huleta faida kubwa kuliko kubadilisha amplifaya. Kwa mazoezi ya nyumbani, wati 15 hadi 30 zatosha. Kwa ukumbi wenye ngoma na magitaa mengine, wati 200 hadi 300 pamoja na spika imara ni kipimo cha busara.

KAZI YA KOMPRESA

Kompresa ni mfano wa mkono unaoshika kitasa cha sauti wakati wote. Noti ikipigwa kwa nguvu kupita mpaka uliowekwa, mkono huo huipunguza. Kompresa ikiwekwa kwenye kipimo cha nne kwa moja, kila desibeli 4 zinazozidi mpaka hutoka zikiwa 1 tu. Kisha sauti nzima huweza kupandishwa, hata noti dhaifu nazo zikasikika.

Faida yake ni ya kweli. Mpigaji anayegonga nyuzi kwa kidole gumba na kuzivuta kwa nguvu huwa na noti zinazoruka ghafla, na kompresa huzituliza. Katika kurekodi, husaidia besi isizame wala isiwafunike waimbaji. Kwa kuwa hupunguza vilele vya sauti, huichelewesha pia amplifaya ndogo kuanza kukwaruza.

Lakini kuna mambo ambayo haiwezi kuyafanya. Kompresa haiongezi hata wati moja. Ikizidishwa, hula mwanzo wa noti, nao ndio pigo linalowainua wachezaji vitini. Inapopandisha noti dhaifu, hupandisha pia mvumo wa umeme na mikwaruzo ya vidole. Na kwa kuwa spika hufanya kazi nzito bila kupumzika, koili yake huweza kupata joto zaidi. Tena humlemaza mwanafunzi, asijifunze kulinganisha nguvu za vidole vyake.

Baadhi ya viwanda, kama Trace Elliot ya Uingereza, vilitengeneza amplifaya zenye kompresa nzuri ndani yake. Katika amplifaya nyingi za bei nafuu, hata hivyo, kuna kitasa kimoja tu kinachobadilisha mambo kadhaa kwa pamoja. Kompresa ya kukanyaga kwa mguu hununuliwa baadaye, huwekwa kwa vipimo vyake, na huweza kutumika na amplifaya yoyote. Ikiharibika, hupelekwa kwa fundi peke yake, na bendi huendelea kupiga.

JARIBIO DUKANI

Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Mnunuzi aende na gitaa lake mwenyewe. Apige polepole, kisha kwa nguvu, kompresa ikiwa imezimwa. Halafu aiwashe, na arekebishe kitasa cha sauti mpaka ukubwa wake ulingane na ule wa kwanza. Hatua hii isirukwe, kwani sikio hupenda kilicho kikubwa na kukidhania kuwa bora. Akiisha kulinganisha asipoona faida, hana sababu ya kuilipia.

Kabla ya kulipa, aangalie pia mambo manne. Kwanza, amplifaya iliyotengenezwa kwa umeme wa Marekani wa volti 120 isichomekwe katika umeme wetu wa volti 220 hadi 240 bila transfoma ifaayo. Pili, spika zisishuke chini ya omu zilizoandikwa nyuma ya amplifaya, na ikumbukwe kwamba masanduku mawili ya omu 8 yakiunganishwa sambamba huwa omu 4. Tatu, amplifaya ya vali isiwashwe kamwe bila spika. Nne, waya wa ardhi usikatwe kwa ajili ya kuondoa mvumo, maana waya huo ndio unaomkinga mpigaji na watoto wa nyumbani dhidi ya kupigwa na umeme.

Basi, amplifaya mbili zikilingana kwa bei, nguvu na spika, ile yenye kompresa inayoweza kuzimwa na ichukuliwe. Lakini ikiwa ni lazima kupunguza wati, kukubali spika dhaifu au kugusa fedha za matumizi ya nyumbani ili kuipata, heri iachwe dukani. Mpigaji mwenye vidole vilivyofunzwa na spika imara atasikika hadi nyuma ya ukumbi, na nyumbani kwake hapatakuwa na deni.