Somo la Afya: Ugoro na Shinikizo la Damu

Leo tutazungumza juu ya ugoro, na jinsi unavyoweza kumpoteza mganga apimaye shinikizo lako la damu.

Tuseme mzee ametoka Handeni kwa basi, ameshuka Korogwe, anakwenda hospitali kupimwa. Watu ni wengi na benchi ni gumu. Anatoa kikopo chake, ananusa ugoro kidogo. Akiitwa ndani, kipimo kimepanda. Je, ni maradhi, au ni ule ugoro?

Katika tumbaku mna kitu kiitwacho nikotini. Sasa sikilizeni vizuri. Mishipa ya fahamu itokayo katika uti wa mgongo kwenda moyoni na kwenye mishipa ya damu haifiki moja kwa moja. Kulia na kushoto ya uti huo kuna mafundo madogo, yamepangwa kama shanga katika uzi. Hapo mshipa mmoja huupokeza mwingine habari, na mpelekaji wa habari ni kemikali ya mwili iitwayo asetilikolini. Nikotini hufungua mlango ule ule. Basi mafundo huamka ingawa ubongo haukutuma neno lo lote: moyo huenda mbio, mishipa ya damu hubana, shinikizo hupanda. Tezi zilizo juu ya figo nazo humwaga adrenalini, na mambo huzidi.

Mwaka 1889, huko Cambridge, Uingereza, Langley na Dickinson walipaka nikotini juu ya mafundo ya wanyama, wakaona habari haipiti tena. Maana fundo likiamshwa kupita kiasi hulemaa. Kwa hiyo mtu aliyekula sumu ya nikotini nyingi, shinikizo lake hupanda kwanza, kisha huanguka. Watoto wasiachiwe kikopo cha ugoro wachezee!

Na mzee wetu? Asinuse ugoro wala asivute sigara kwa nusu saa kabla ya kupimwa; kahawa pia aiache. Aketi ametulia dakika tano. Kama amekwisha kunusa, aseme tu, wala asione haya. Atapimwa tena baadaye. Lakini kipimo kikirudi 140 kwa 90 au zaidi siku mbalimbali, naye hakugusa tumbaku kabla yake, asiusingizie ugoro. Hayo ni maradhi, yanataka dawa, na ugoro wenyewe ni vema auache.