Mzungu wa Kazi



Mwezi uliopita tulipokea barua ya mwalimu kijana, ambaye jina lake hatulitaji, aliyetumwa kufundisha katika nchi isiyo ya kwao. Hakulalamika kwa maneno makali, walakini tulitambua uzito wa moyo wake. Asema ya kwamba siku ya kuagwa aliimbiwa nyimbo na kuombewa na kanisa zima, akaondoka akidhani anakwenda kuhubiri. Sasa mwezi wa nne unakwisha, na kazi yake kubwa imekuwa kuezeka paa la shule, kuchimba choo, na kumsaidia mzee mwenye nyumba kutafuta mbuzi wake waliopotea. Lugha ya wenyeji ni nzito kinywani mwake, na watoto humcheka. Akatuuliza, "Je, hii ndiyo kazi niliyoitiwa?"

Tulimjibu kwa barua fupi, lakini moyo wetu haukutulia. Twajua kwamba swali hili huulizwa na wengi wasiothubutu kuliandika. Basi tumeona vema kusimulia habari za kijana mwingine aliyetumwa ugenini zamani, akapita katika nchi hizi zetu, naye pia siku zake nyingi zilikwisha kwa nyundo na misumari.

Alexander Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, huko Scotland. Baba yake alikuwa mchungaji, naye ndiye aliyemfundisha nyumbani alipokuwa mtoto. Watu wangalidhani atafuata kazi ya baba yake. Lakini kijana alipenda vyuma na mitambo, akajifunza uhandisi mjini Edinburgh, kisha mwaka 1873 akaenda Berlin, katika Ujerumani, akapata kazi ya kuchora na kuunda mitambo. Hapo alikuwa na mshahara mzuri na njia nyeupe mbele yake. Mwaka 1875 barua ya Bwana Stanley ilitokea katika gazeti la Uingereza, ikisema ya kwamba Mutesa, kabaka wa Buganda, anataka walimu. Mackay akajitoa kwa Church Missionary Society. Alipokelewa, si kama kasisi, bali kama fundi. Wala hakupata kuwa kasisi mpaka kufa kwake.

Watu wanane walichaguliwa, naye alikuwa mdogo kuliko wote. Siku ya kuagana, wengine walipokwisha kusema maneno yao, yeye aliwaambia wakubwa wa chama ya kwamba kabla ya miezi sita kupita huenda wakasikia kwamba mmoja wao amekufa. Na habari hiyo itakapofika, wasife moyo, bali wapeleke mwingine mahali pake. Waliondoka Uingereza mwezi wa Aprili 1876. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule mmoja wao akafa Unguja. Mwingine akafa mwezi wa Mei 1877 huko Kagei, kusini ya ziwa Nyanza. Wawili wakauawa Ukerewe mwezi wa Desemba mwaka huo. Wawili wengine waliugua wakarudi kwao. Hata ulipokwisha mwaka wa pili tangu waitwe, wa wale wanane walikuwa wamebaki wawili tu katika kazi, Bwana Wilson na Bwana Mackay.

Na Mackay alikuwa wapi wakati huo? Alikuwa hajaiona Buganda hata kwa mbali. Homa ilimshika Ugogo mwishoni mwa mwaka 1876, akarudishwa pwani. Alipopata nguvu akaagizwa kutengeneza barabara ya magari ya ng'ombe toka Saadani mpaka Mpwapwa, mwendo wa maili 230. Wasomaji wetu wanaokaa pande zile wataifahamu nchi: vichaka vya miiba, mito isiyo na madaraja, tope la masika linalomeza gurudumu zima. Alikwenda mbele na wenyeji wenye mashoka, akikata miti na kujaza mabonde. Kisha magari yakakwama na ng'ombe wakafa. Mwaka mzima ukapita hivi. Kama kijana huyu angaliulizwa mwaka ule amehubiria watu wangapi Buganda, angalijibu, "Hata mmoja."

Lakini katika barabara ile alijifunza Kiswahili kwa wale wenye mashoka. Twaomba msomaji aliweke neno hili akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Mwaka 1878 alifika Kagei, akakuta mizigo ya wenzake waliokufa imerundikwa kibandani: vyuma vya mtambo, vitabu, dawa na zana, vyote vimechanganyika, vingine vimeshika kutu. Akakaa akavipanga kimoja kimoja. Mashua yao, iliyoitwa Daisy, mbao zake zilikuwa zimeharibika, akaitengeneza. Kabla ya kusafiri alikwenda Ukerewe kwa mtemi Lkonge, ambaye watu wake waliwaua wale ndugu wawili, akaenda pasipo silaha ili afanye naye amani. Akarudi salama. Alipovuka ziwa pamoja na Bwana Wilson, dhoruba iliwatupa pwani na mashua ikavunjika. Walikata sehemu ya katikati iliyoharibika, wakaunga mbele na nyuma, mashua ikawa fupi lakini ikaelea. Kazi hiyo iliwachukua majuma mengi. Tarehe 6 Novemba 1878 akaingia Rubaga, mji wa kabaka, miaka miwili na nusu tangu kuaga kwao.

Sasa tumwone katika maisha yake ya kila siku.

Alijenga nyumba, na kando yake kiwanda. Palikuwa na mvukuto, fuawe, kerezo na cherehe ya kunolea. Watu walijaa mlangoni tangu asubuhi, maana walikuwa hawajaona gurudumu likizunguka hivyo. Machifu walileta bunduki zilizovunjika. Kabaka alitaka hiki na kile. Alichimba kisima, akatia bomba, na maji yalipopanda juu wenyewe walipiga kelele ya kwamba Mackay ni mungu. Akawaambia kwamba Mungu ni mmoja tu, na yeye ni mtu kama wao. Alichofanya ni kutengeneza mkonga wa tembo kwa shaba. Waliomwona katika kazi hizi wakampa jina la Mzungu wa Kazi.

Kazi nyingine hazikumpendeza. Mwaka 1882 mama yake kabaka alipofariki, Mutesa alitaka azikwe kwa fahari kama malkia wa Ulaya, na Mackay akaambiwa atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya jingine, mawili ya mbao na moja la shaba, makubwa kama nyumba. Yeye na mwenzake O'Flaherty walifanya kazi ile usiku na mchana. Mtu aliyetoka kwao ili kueleza habari za uzima, juma kwa juma akipigilia misumari katika sanduku la maiti! Hakukosa kuona uchungu wa jambo hilo. Walakini aliimaliza kazi vizuri, kwa kuwa hakujua kufanya kazi vibaya.

Wala tusidanganye wasomaji kwa kumchora kama malaika. Alikuwa mkali wa maneno. Mbele ya kabaka alibishana na wafanya biashara Waarabu, tena alibishana na mapadre Wafaransa waliofika mwaka 1879, na kabaka aliketi akifurahia kuwasikia wageni wakigombana juu ya Mungu. Twaona ya kwamba mashindano yale hayakujenga mtu. Watu wa Buganda waliokuja kuamini hawakuvutwa na magomvi ya barazani.

Walivutwa na nini basi? Hapa ndipo tulirudiapo lile neno la barabara ya Mpwapwa. Katika jumba la kabaka walikuwamo wengi waliojua Kiswahili, kwa sababu ya biashara na watu wa pwani. Mackay alipofika hakujua Kiganda, lakini alikuwa na Injili ya Mathayo katika Kiswahili, iliyotafsiriwa na Askofu Steere wa Unguja, akaisoma mbele ya Mutesa na wakuu wake. Huku akijifunza Kiganda, alichonga herufi za mbao kwa mkono wake mwenyewe, akapiga chapa karatasi za alfabeti na mafungu ya Maandiko. Vijana waliokuja kutazama gurudumu walipewa karatasi. Fundi akigonga chuma, wao waliketi karibu wakitaja silabi, alipopumzika aliwasahihisha. Hapakuwa na kengele wala ubao. Vijana wale waliitwa wasomaji, na katika Buganda jina hilo likawa ndilo jina la Wakristo.

Mwezi wa Oktoba 1881 mmoja wao, Sembera, alimletea Mackay barua fupi aliyoiandika mwenyewe kwa ncha ya jani gumu la mwituni na wino wa kujitengenezea. Aliomba abatizwe, kwa sababu ameyaamini maneno ya Yesu Kristo. Barua ile iliandikwa kwa Kiswahili! Tunapofikiri kwamba lugha tunayoitumia katika gazeti hili ndiyo iliyobeba ombi lile, twashukuru. Tarehe 18 Machi 1882 watu watano walibatizwa, Sembera akiwa mmoja wao, naye alichagua jina la Mackay. Aliyebatiza alikuwa O'Flaherty, maana yule fundi hakuwa kasisi.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala Mwanga, kijana mwenye hofu na wageni na wasomaji. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misioni, Kakumba, Lugalama na Seruwanga, walichomwa moto. Walikuwa wamekamatwa walipokuwa wakisafiri pamoja na Mackay na Bwana Ashe kwenda ziwani. Lugalama alikuwa mtoto tu. Mackay alirudi kuwaombea kwa wakuu, hakusikiwa. Sisi tulio na watoto nyumbani hatuwezi kuongeza neno hapa.

Mtu angalidhani ya kuwa baada ya moto ule kiwanda kitakuwa kitupu. Wasomaji walizidi. Walikuja usiku, wakagonga mlango, wakaomba karatasi, na wengine wakaomba ubatizo. Mwaka ule ule wakachaguliwa wazee wa kanisa katika wenyeji, ili kundi liwe na wachungaji ikiwa wageni watafukuzwa au kuuawa. Tarehe 3 Juni 1886 wengi wakachomwa Namugongo, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, wale ambao walimu wao walibishana mbele ya kabaka. Mwezi wa Agosti Ashe aliruhusiwa kuondoka, naye Mackay akabaki peke yake karibu mwaka mzima, kwa kuwa Mwanga hakutaka kumpoteza fundi wake. Tazameni jambo hili: zile kazi za nyundo alizoziona kuwa zapoteza wakati wake ndizo zilizomweka Buganda wakati ambapo mhubiri mtupu angalifukuzwa. Mchana alifanya kazi ya kabaka, na usiku alipanga herufi na kupiga chapa.

Mwezi wa Julai 1887 akafukuzwa. Alikwenda Usambiro, kusini ya ziwa, katika nchi iliyo leo Tanzania, akaanza upya: nyumba, kiwanda, matofali, mashua nyingine ya kuunda. Bwana Stanley, ambaye barua yake ilimwita tangu mwanzo, alipita hapo mwaka 1889 akirudi toka safari yake, akamkuta kazini. Chama kilitaka aende kwao apumzike. Yeye aliomba waletwe watu kwanza. Alikuwa akitafsiri Injili ya Yohana katika Kiganda homa ilipomshika. Akafa tarehe 8 Februari 1890, umri wake miaka 40, hajarudi kwao hata mara moja tangu mwaka 1876. Biblia nzima ya Kiganda ilimalizika mwaka 1896, kwa mkono wa mwingine. Mwaka 1927 mifupa yake ilitolewa Usambiro ikapelekwa Namirembe, ikazikwa penye kanisa kuu.

Habari hizi tumemwandikia yule mwalimu kijana kwa kirefu kuliko zilivyo hapa, naye ametujibu. Paa limekwisha. Watoto wangali wakimcheka, ila sasa humsahihisha pia, naye ameanza kuandika maneno yao katika daftari. Jioni vijana wanne huja barazani kwake kujifunza kusoma, nao wana kitabu kimoja tu, hata yule aketiye upande wa pili amezoea kukisoma kichwa chini miguu juu. Kama nyumba yo yote ya wasomaji wetu ina vitabu vya kwanza vya kusomea, hata vilivyochakaa, ambavyo watoto wamekwisha kuvitumia, tafadhali wampe mchungaji wao kabla ya mwisho wa mwezi huu, navyo vitatufikia. Atapenda pia misumari ya inchi 3, ikipatikana.