Jumamosi ya kujitolea: wanavyofanya Rumonge na tunavyofanya hapa kambini



Ukurasa huu kwa kawaida unakutangazia kazi za wiki za kikundi chetu cha kujitolea: siku gani tunasafisha vituo vya maji, siku gani tunachimba mashimo ya taka, nani alete jembe na nani alete ndoo. Matangazo hayo yapo, utayakuta mwishoni. Lakini safari hii tumeulizwa swali moja na watu wengi, hasa wale wanaofikiria kurudi nyumbani na wale ambao ndugu zao wamekwisha kurudi upande wa Rumonge. Mama mmoja alilisema hivi tulipomtembelea: "Hapa mnanichotea maji. Kule nikifika, nani atanichotea?"

Ni swali la haki, na lina jibu.

Kule Burundi kuna Msalaba Mwekundu, ulioanzishwa mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya uhuru. Katika miaka ya 2000, vita vilipokuwa vinatulia, chama hicho kiliamua kisikae mjini tu kungoja magari na misaada, bali kiwe na kitengo cha wajitoleaji katika kila kilima. Kitengo ni majirani tu. Hawana ofisi, wengine hata fulana hawana. Wanapanga siku ya wiki, wanakutana, wanaulizana nani kwenye kilima ana shida, halafu wanakwenda. Kwa mjane wanalima. Kwa mzee ambaye nyumba yake inavuja wanapanda juu ya paa. Mgonjwa asiyeweza kutembea wanambeba kwa machela, ile ambayo sisi Warundi tunaiita ingobyi, hadi kituo cha afya. Hakuna mshahara. Watu wazima mtakumbuka kwamba jambo hili si geni, ni ikibiri ya wazee wetu iliyopewa daftari na kiongozi.

Kwa hiyo mama, ukifika, siku za kwanza kabisa nenda kwa kiongozi wa kilima chako, umwambie umerudi, na umuulize ni nani anayesimamia kitengo cha Msalaba Mwekundu hapo. Usingoje waje kukutafuta, maana hawajui kama umefika. Na kama wewe mwenyewe una nguvu, jiandikishe. Aliyerudi akaonekana na jembe kwenye shamba la mjane anapokelewa haraka kuliko aliyerudi akakaa ndani. Rumonge ni mahali ambapo mambo ya ardhi kati ya waliokimbia 1972 na waliobaki au waliokuja baadaye yameleta maneno mengi. Kulima pamoja hakumalizi kesi ya shamba, lakini angalau mnasalimiana.

Usichanganye kitengo hicho na kazi za pamoja za Jumamosi asubuhi. Zile ni za serikali, zinamhusu kila raia, na humo watu wanatengeneza barabara, shule au mitaro. Utakaporudi na wewe utatakiwa kushiriki. Kazi za kitengo ni za hiari, na zinamlenga mtu mmoja mwenye shida, sio barabara.

Jambo lingine la kujua kabla hujauliza njia. Mkoa wa Rumonge, uliotangazwa mwaka 2015, haupo tena. Tangu mpango mpya wa mwaka 2025 Burundi ina mikoa 5 tu, na Rumonge ni komini katika mkoa wa Burunga. Kama karatasi zako za zamani zinasema Bururi au mkoa wa Rumonge, usishtuke ukisikia jina lingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sisi wa afya ndilo linalotunyima usingizi. Ukanda wa ziwa ni mahali pazuri. Kuna mawese, kuna ndagala na mukeke, kuna biashara. Pia ni mahali ambapo kipindupindu hurudi mara kwa mara, Rumonge kama Uvira, Kalemie na Kigoma. Mwaka 1992 ugonjwa huo uliporudi Burundi baada ya miaka mingi, wataalamu walifanya uchunguzi Rumonge wakalinganisha wagonjwa na majirani zao wazima. Waliona kwamba kuoga ziwani na kunywa maji ya ziwa ndiko kulikowaweka watu kwenye hatari zaidi. Mvuvi anayelala juu ya maji usiku kucha, akisikia kiu anateka maji hapo hapo. Mama anaosha vyombo hapo hapo. Mtoto anajisaidia hapo hapo. Ziwa ni kubwa na maji yanaonekana safi, ndiyo maana ni vigumu kumwambia mtu wa pwani kwamba yanaweza kumuua. Tena katika miaka ya karibuni, hasa 2021 na 2024, ziwa lilipanda likaingia kwenye nyumba za ufukweni. Maji yakifika chooni, kilichokuwa shimoni kinatoka.

Wengi wenu hamhitaji kuambiwa na mtaalamu, mliona wenyewe. Mwezi wa tano 2015 tulikuwa Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania chini ya milima, ambacho wakati huo kilifikika kwa maji tu. Watu makumi ya maelfu walijaa ufukweni, vyoo havikutosha, na maji ya kunywa yalikuwa ni yale ya ziwa. Meli ya Liemba, iliyo na zaidi ya miaka 100, ilikuwa inachukua watu kama 600 kwa safari moja kwenda Kigoma, na foleni haikuisha. Kipindupindu kikaingia. Kabla mwezi haujakwisha wagonjwa walikuwa wamefika kama 3,000 na watu wapatao 30 walikuwa wamefariki. Mimi nilikuwa bado mtoto wa shule, ila nakumbuka wajitoleaji waliopita wakigawa pakiti za ORS na kutufundisha kuchanganya. Dawa ilikuwa ni chumvi na sukari katika maji safi, basi. Waliopona walikuwa ni wale ambao mtu aliwahi kuwafikia mapema.

Hapo ndipo unaona faida ya kukutana kila wiki. Kipindupindu hakingoji mkutano wa mwezi. Mtu anaweza kuanza kuharisha saa chache baada ya kuambukizwa, au akakaa hadi siku 5, na akishaanza kuharisha maji kama ya mchele bila kupewa maji mwilini anaweza kufa siku hiyo hiyo. Jirani aliyepita jana na atakayepita tena kesho ndiye atakayejua kwamba mlango wa fulani haujafunguliwa leo.

Kwa hiyo shika haya, uwe hapa au kule. Maji ya kunywa yachemshwe kabisa au yatiwe klorini kwa kipimo ulichofundishwa, na dumu liwe na kifuniko. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kushika chakula. Kama huna bomba, kibuyu chirizi kinatosha, na jivu linasaidia pale sabuni inapokosekana. Mtu akianza kuharisha, pakiti 1 ya ORS kwa lita 1 ya maji safi, anywe kidogo kidogo lakini bila kuacha, na yakipita saa 24 umwage uchanganye mengine. Pakiti ikikosekana, tia vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1, vijiko viwe sawa, visijae mlima. Chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Hayo yote ni ya kufanya njiani kuelekea kituo cha afya, si badala ya kwenda.

Sasa niseme kidogo juu ya posho, kwa sababu najua vijana mnalisema kwenye foleni ya maji. Mnasema: wahamasishaji wa afya wanapata kitu kidogo mwisho wa mwezi, sisi wa kikundi cha Jumamosi tunapata nini? Ni kweli hampati kitu. Na mgao wa chakula ulipopunguzwa hadi nusu mwaka 2023, watu wengi waliacha kuja, na mimi siwalaumu. Mtu mwenye njaa hachimbi shimo la futi 6. Lakini tuliona pia kwamba kikundi hakikufa. Waliobaki walipunguza kazi, wakaacha mashimo, wakabaki na kuchota maji na kutembelea wagonjwa. Kule vilimani wamefanya hivyo miaka mingi. Vingine vina shamba la pamoja, wakivuna wanauza kidogo wananunua sabuni na chumvi za kuwapelekea wasiojiweza. Kwa maoni yangu hilo ndilo la kuiga, kuliko kungoja shirika lilete posho ambayo ikikatika na kazi inakatika. Hapa eneo la kulima ni dogo, lakini bustani ya mboga ya gunia inawezekana, na wapo akina mama wanaojua kuitengeneza vizuri kuliko sisi.

Matangazo ya wiki hii:

Jumatatu na Alhamisi, saa 12 na nusu asubuhi, ni usafi wa vituo vya maji kabla foleni haijajaa. Wanaochota kituo hicho ndio wanaosafisha. Uje na fagio. Madumu yenye ukungu ndani yataoshwa kwa kokoto na sabuni hapo hapo, usione aibu kuleta la kwako.

Jumatano ni kutembelea nyumba za wazee, walemavu na akina mama waliojifungua karibuni. Tunahitaji watu wawili wawili, mwanamume na mwanamke. Kama jirani yako hayumo kwenye daftari letu, mwambie mhamasishaji wa kijiji chako kabla ya Jumanne jioni.

Jumamosi saa 1 asubuhi tunakutana mbele ya kituo cha afya. Mvua zimekaribia, na kuna vyoo vitatu vya wazee ambavyo kuta zake zimeanza kuanguka. Tuna miti, nyasi bado hazitoshi. Ukiweza njoo na mzigo mmoja wa nyasi, na mwenye panga alete panga.

Yule mama aliyeuliza swali ameomba mtu wa kumsomea barua kutoka Rumonge. Anayesoma Kirundi vizuri ajitokeze Jumatano.