Halisi, Asili na Awali: Istilahi za Kurejesha Magari ya Kale

Mfasiri aletewapo mkataba baina ya mwenye gari la kale na karakana, au mtumishi wa makumbusho atakiwapo kuandika kibao cha maelezo kando ya gari lililotumika zamani, hukabiliwa na dhana ambayo Kiswahili kinayo vipande vipande tu. Dhana hiyo ni ya kulichukua gari lililochakaa na kulifanyia kazi hata liwe kama lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani: rangi ileile, injini ileile, bolti za kipimo kilekile, bila ya kuongeza wala kupunguza. Kazi hiyo ni ya mafundi, lakini msingi wake ni wa maneno, kwa kuwa fundi hutenda lile aliloagizwa. Akipewa agizo legevu ataikwangua rangi ya kwanza kwa msasa mpaka kwenye bati, na rangi ikishakwanguliwa hapana fedha wala ustadi wa kuirudisha. Ataweza kupaka nyingine inayofanana nayo. Ile yenyewe, pamoja na ushahidi iliouchukua, imekwisha kuwa vumbi sakafuni.

Tuanze na vitenzi. Katika gereji zetu vipo vitatu vinavyosikika kila siku. Kutengeneza ni neno pana mno, na hata kubadili plagi kumo ndani yake. Kufufua ni kulifanya gari lililolala miaka mingi liweze kwenda tena. Fundi anayefufua hana haja ya kuuliza ndani mlikuwamo nini, na akipata kabureta ya gari jingine inayokubali, kazi imekwisha na mteja anashukuru. Kukarabati ni kukifanya kitu kilichoharibika kiwe kizima, na mara nyingi kiwe bora kuliko kilivyokuwa. Ndiyo maana twasema ukarabati wa barabara na ukarabati wa majengo ya shule, na hapana mtu atakayelalamika kwamba barabara iliyokarabatiwa imekuwa pana kuliko ile ya zamani.

Hapo ndipo ilipo hatari. Wafasiri wengi hulishika neno ukarabati kwa kuwa limezoeleka maofisini, nao hawakosei katika mambo ya majengo na mitambo. Lakini mwenye gari la kale akiandikiwa kwamba gari lake litakarabatiwa, karakana ina haki ya kumwekea breki za kisasa, viti vya ngozi na rangi ing'aayo kama kioo, na kumdai malipo kamili. Mbele ya sheria imetimiza ilivyoandikwa. Mbele ya mwenye gari imemharibia mali.

Kitenzi kurejesha kina tabia nyingine kabisa. Ni kitenzi cha mwendo, nacho hudai mahali pa kufikia. Mtu akisema, "Nimelikarabati gari," sentensi imetimia. Akisema, "Nimelirejesha gari," msikilizaji hana budi kuuliza: umelirejesha wapi? Katika hali gani? Swali hilo la sarufi ndilo hasa swali la kifundi, na kwa sababu hiyo tunapendekeza urejeshaji kuwa istilahi ya kazi hii, kwa sharti kwamba isiandikwe peke yake katika hati yoyote yenye uzito. Iandikwe pamoja na kituo chake: kurejesha katika hali ya kiwandani, au kurejesha katika hali ya mwaka fulani.

Kuhusu jina la chombo chenyewe hatuna maneno mengi. Gari kuukuu ni gari lililochakaa; mkweche ni dhihaka, nayo ina mahali pake, lakini si katika hati za forodha. Gari la kale latosha. Shirikisho la kimataifa la magari ya kale, FIVA, lililoundwa mwaka 1966, huhesabu kuwa la kale gari lililotimiza angalau miaka 30, tena lililotunzwa kwa namna inayolingana na historia yake na lisilotumika kama chombo cha usafiri wa kila siku. Kwa hiyo umri peke yake hauligeuzi gari kuukuu likawa gari la kale.

Ili maneno yetu yasielee hewani, na tuchukue mfano wa gari ambalo Waafrika ya Mashariki walilijua kwa karibu, yaani Landrova ya kwanza. Ilionyeshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948, na ilitengenezwa na kampuni ya Rover huko Solihull, Uingereza, hadi mwaka 1958 ilipofuatwa na toleo la pili. Kwa miongo mingi Landrova ndizo zilizowabeba mabwana nyama, mabwana shamba, waganga na wapima ardhi katika njia zisizopitika, na jina lake likaingia katika lugha yetu hata likawa karibu kutaja kila gari la aina hiyo. Kwa kuwa chuma cha pua kilikuwa adimu baada ya vita, bodi yake iliundwa kwa aloi ya aluminiamu. Chasisi na ukuta uliotenga injini na abiria vikabaki vya chuma. Matokeo yake ni kwamba fundi wa leo huikuta bodi ingali nzima huku chasisi iliyoibeba imeliwa na kutu, ingawa pale chuma na aluminiamu vinapogusana penye unyevu aluminiamu nayo huliwa.

Sasa fundi huyo afanye nini? Chasisi mpya hupatikana, tena iliyozamishwa katika zinki isishike kutu, na kwa mtu atakaye gari la kutumia hilo ni jambo jema. Kwa mrejeshaji ni tatizo, maana magari yaliyouzwa kwa kawaida yalitoka kiwandani na chasisi iliyopakwa rangi. Taa za mbele za magari ya mwanzo zilikaa nyuma ya wavu wa mbele, na baadaye zikatokezwa nje. Injini ya mwanzo ilikuwa ya sentimeta za ujazo 1,595, na tangu 1951 ikaja ya 1,997. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80, kisha ukaongezwa. Umeme wake ulifungwa kinyume cha desturi ya sasa, ncha chanya ya betri ndiyo ikiunganishwa na bodi. Nyaya zikavikwa kitambaa cha pamba kilichosukwa. Hata spana za milimita za siku hizi hazikai barabara katika nati zake, kwa sababu vipimo vilikuwa vya Kiingereza cha zamani. Asemaye "hali ya kiwandani" bila kutaja mwaka wa gari hajasema kitu, kwa kuwa kiwanda chenyewe hakikusimama mahali pamoja.

Twaingia sasa katika kiini cha mjadala, yaani sifa. Muuza vipuri akisema kipuri chake ni "orijino", maana yake ni kwamba hakikughushiwa: kimetengenezwa na kampuni iliyotengeneza gari, au kwa idhini yake. Mrejeshaji akilitumia neno lilelile la Kiingereza, maana yake ni nyingine: kipuri kilekile kilichofungwa katika gari lilelile siku lilipotoka kiwandani. Kipuri kilichotoka kwa mtengenezaji juzi, kingali katika boksi lake, ni "orijino" kwa muuzaji na si "orijino" hata kidogo kwa mrejeshaji. Lugha iliyotupa neno hilo imeziacha maana mbili zikae chumba kimoja, lakini sisi hatulazimiki kurithi msongamano wao ikiwa nyumba yetu ina vyumba vya kutosha.

Navyo vipo. Neno halisi limekwisha kuzoea kupingana na bandia, kwa hiyo libaki hapo: kipuri halisi ni kile kisichoghushiwa. Neno awali hutaja wakati wa mwanzo bila kuingiza sifa nyingine, kwa hiyo lichukue maana ya pili: injini ya awali, rangi ya awali, kiti cha awali. Landrova ya 1949 iliyobadilishiwa injini mwaka 1960 kwa injini nyingine ya Rover yaweza basi kuelezwa kwa maneno matano, "injini halisi, si ya awali", na mnunuzi akajua anachonunua. Tukitumia sifa moja kwa yote mawili tunampa mwuzaji mjanja kichaka cha kujifichia, maana bei ya gari lenye namba ya injini na ya chasisi zinazolingana na kumbukumbu za kiwanda haiwi sawa na ya lile lisilo nazo.

Asili tunashauri lisitumiwe kwa vipuri. Si kwamba ni neno baya, bali lina kazi nyingi mno: dawa za asili, mbegu za asili, asili ya mtu. Msomaji wa kawaida akisoma "gari la asili" huenda akadhani la kuchongwa kwa mti. Lakini lina kazi moja hapa ambayo neno jingine halitaifanya vizuri hivyo, nayo ni kutaja nasaba ya gari: lilitengenezwa lini, lilipelekwa nchi gani, lilimilikiwa na nani. Hiyo ndiyo asili ya gari. Makumbusho ya magari ya Uingereza yaliyoko Gaydon, yenye kumbukumbu za viwanda vingi vya huko, hutoa vyeti vya namna hiyo vinavyotaja tarehe ya kuundwa, namba, rangi na mahali gari lilikopelekwa. Cheti cha asili ni jina linalokifaa.

Vipo pia vipuri vya makundi mengine mawili. Kimoja ni kile kilichotengenezwa zama zilezile kikakaa stoo bila kutumika. Tukiite kipuri cha akiba ya zamani. Kingine ni kile kinachotengenezwa leo kwa kufuata sura ya kile cha kale kwa kuwa cha kale hakipatikani. Hiki wengine hukiita bandia, na hapo hatuafikiani nao. Bandia hudanganya, hiki kinauzwa waziwazi kwa jinsi kilivyo. Kipuri cha mwigo ni jina la haki zaidi.

Kosa linalotokea mara nyingi katika kazi hii, ajabu, si la uzembe bali la juhudi. Gari hurudi likiwa zuri kuliko lilivyozaliwa: maungio ya bodi yamelainishwa, ribiti zimefichwa, rangi ina kina na mng'aro usiojulikana Solihull mwaka 1948, ambako magari yalipakwa haraka kwa ajili ya kwenda shambani. Wajuzi huhesabu hilo kuwa ni upotoshaji sawa na kutu. Tunapendekeza urejeshaji uliopitiliza, na kitenzi kupitiliza kwa tendo lenyewe.

Mwaka 1964 wataalamu wa majengo ya kale walikubaliana huko Venice juu ya kanuni za kazi yao, na mwaka 2012 FIVA ilipitisha Hati ya Turin, inayofuata nyayo hizo kwa upande wa magari. Hati hiyo hutenga daraja tatu ambazo mfasiri hana ruhusa ya kuzichanganya. Utunzaji ni kukilinda kitu kisidhurike. Uhifadhi ni kuzuia uharibifu ulioanza usiendelee, bila kuondoa alama za historia. Urejeshaji huenda mbali zaidi, kwa kuweka kilichopungua ili hali ya wakati fulani unaojulikana ionekane. Hati hiyo yataka pia sehemu zilizobadilishwa zitambulikane na kazi yote iandikwe. Kwa hiyo daftari la urejeshaji, lenye picha na tarehe, ni sehemu ya kazi yenyewe.

Katika Makumbusho ya Taifa mjini Dar es Salaam mna magari ya kale, na miongoni mwayo Rolls-Royce iliyotumiwa kwanza na serikali ya kikoloni ya Waingereza na baadaye na Mwalimu Julius Nyerere. Tuseme mtu apendekeze gari kama hilo lirejeshwe. Katika hali gani? Hali ya kiwandani ingefuta nchi yetu yote kutoka katika chombo hicho, maana kilipotoka kiwandani kilikuwa hakijawahi kumbeba gavana wala rais. Kila badiliko lililofanywa ili gari litumike katika dola huru ni habari ya dola hiyo. Hapa tungependelea hali ya utumishi, pamoja na kutaja utumishi upi na miaka ipi. Na pengine jibu sahihi lingekuwa uhifadhi tu. Mtumishi anayeandika barua ya zabuni ndiye atakayeamua hilo, ajue au asijue, kwa neno atakalolichagua katika mstari wa kwanza.

Limebaki jambo moja ambalo hatujaliridhia kisawe. Ni ile sura ambayo rangi, ngozi ya viti na shaba hupata kwa kuguswa na kukaa miaka mingi, sura ambayo wajuzi huithamini na hukataa iondolewe. Alama za umri ni maelezo, si jina. Uchakavu una lawama ndani yake. Utandu huonekana kama uchafu wa kufutwa. Mafundi wa samani, wachongaji wa milango na wauza shaba wa mwambao wameshughulika na vitu vya kale kwa vizazi vingi, na huenda wanalo neno ambalo halijafika katika kamusi. Msomaji anayelijua na atuletee, pamoja na mahali alipolisikia na sentensi moja ya matumizi yake.