Nazi Ni Chakula, Si Dawa

Kulesa na vijiji vingine vya Wapokomo kando ya mto Tana, huko Garsen, ni nchi ya samaki, ndizi, wali na maembe, na tui la nazi limeungwa humo tangu enzi za mababu. Siku hizi nazi ina pande mbili zinazoivutania: wengine huisifu kuwa tiba ya kila maradhi, wengine huikimbia kwa kuhofia moyo. Pande zote mbili zimesahau jambo moja, kwamba faida ya nazi hutegemea ni sehemu gani inayoliwa, kwa kiasi gani, na pamoja na nini.

Gramu 100 za nyama ya nazi iliyokomaa zina takriban kalori 354, mafuta gramu 33 na nyuzinyuzi gramu 9, zile zinazosaidia choo na kumfanya mtu ashibe kwa muda mrefu. Lakini tazama inavyopikwa: hukunwa kwa mbuzi, ikatiwa maji, ikakamuliwa kwa kifumbu, likatoka tui zito kisha jepesi, na chicha wakamwagiwa kuku. Mafuta mengi yamekwenda chunguni. Nyuzinyuzi karibu zote zimekwenda kwa kuku. Anayetafuna kipande cha nazi kwa muhogo wa kuchoma hupata zote mbili. Hata hivyo tui halikosi kazi. Majani ya kunde, mchicha na boga vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A inayolinda macho, na karotini hainyonywi vizuri pasipo mafuta. Tui kidogo kwenye mboga huifanya mboga hiyo imfae zaidi mlaji.

Je, moyo? Hofu hiyo ina msingi. Zaidi ya asilimia 80 ya mafuta ya nazi ni mafuta shibe, na Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Uchambuzi wa majaribio 16 uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la Circulation ulionyesha kuwa mafuta ya nazi hupandisha kolesteroli mbaya kuliko mafuta ya mimea isiyo ya nchi za joto. Watetezi wa nazi hujibu kwa kutaja visiwa vya Tokelau na Pukapuka katika Pasifiki. Utafiti wa mwaka 1981 ulikuta nazi ikiwapa Watokelau asilimia 63 ya nishati yao na Wapukapuka asilimia 34, na bado maradhi ya mishipa ya moyo yalikuwa nadra. Ni kweli, ila watu hao walikula nazi pamoja na samaki, na sukari kidogo. Tena kolesteroli ya Watokelau, waliokula nazi zaidi, ilikuwa juu zaidi. Ushahidi huo unaitetea nazi ya mlo wa asili. Hauyatetei mafuta ya chupa yanayonywewa kijiko kwa kijiko.

Dafu nalo lina potasiamu nyingi na hukata kiu vizuri katika joto la Garsen. Lakini chumvi yake haimtoshi anayeharisha. Huyo apewe maji ya chumvichumvi ya zahanati. Mgonjwa wa figo amuulize daktari kwanza, kwa kuwa potasiamu hiyohiyo yaweza kumdhuru.

Basi tusiikimbie nazi, wala tusiifanye dawa. Tulitie tui jepesi kwenye mboga na samaki, tupunguze vya kukaanga, na mwenye kolesteroli ya juu afuate ushauri wa daktari wake.